Masika ya Kunusa na Kutema

Jumatatu, 17 Machi

Daftari hili nimelinunua leo kwa sababu Madam anataka kila mtu awe na daftari la mvinyo. Mambo ya mvinyo siyajui. Nitaandika ninayoyajua, na huo mvinyo utanikuta njiani.

Mvua ilianza jana na Moshono yote ni tope. Hotelini wamebaki wageni wawili tu, wazee wa Kijerumani wanaokaa barazani kutwa nzima wakingoja Mlima Meru ufunuke. Hautafunuka. Nimewapelekea chai mara tatu na kila mara wananiuliza.

Saa nne Madam Agnela, mwenye hoteli, alituita ofisini mimi na Calvin, mhudumu mwenzangu. Hakuzunguka. Kuna Mwitaliano anaitwa Corrado, kila mwaka analeta watu wake kwa makundi, na safari hii anatafuta hoteli itakayowalisha chakula cha hapa hapa pamoja na mvinyo mwekundu wa kwao. Anakuja Mei 30 kutupima. "Atakayeweza kumwambia kilichomo kwenye glasi, na chakula chetu kipi kikae nacho, huyo atakuwa msimamizi wa mvinyo," akasema Madam. "Mwingine tutaagana vizuri. Siwezi kubaki na wawili."

Calvin alitoka akipiga mluzi. Ana miaka ishirini na sita na cheti cha chuo cha hoteli. Mimi nina thelathini na tatu. Shamba la maua la Usa River liliniaga vizuri, duka la nguo la mjini likaniaga vizuri. Nimechoka kuagwa vizuri.

Jambo ambalo sikumwambia Madam ni kwamba sijawahi kuonja pombe, ukiacha kile kikombe kidogo cha Chakula cha Bwana. Baba yangu, Naftali, ni mzee wa kanisa huko kwetu mlimani. Yeye ndiye anayetunza vikombe na divai. Mdogo wake alikufa kwa gongo nikiwa darasa la nne, na baba akatusimamisha watoto wote pembeni ya kaburi, tukaahidi. Mimi niliahidi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Wajerumani wameondoka bila kuuona mlima.

Ijumaa, 21 Machi

Leo tumeonja. Madam alipanga glasi mezani na kando yake akaweka ndoo ndogo ya barafu isiyo na barafu. Mvinyo unaitwa Barolo, unatoka kaskazini mwa Italia. Nilitegemea wekundu wa damu, lakini umepauka kidogo pembeni, rangi ya tofali. Unazungusha glasi, unanusa, unapiga funda dogo, unavuta hewa juu yake mpaka ufanye sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto, kisha unatema kwenye ndoo.

Sikujua kwamba unatema. Nilimeza. Nikakaa nikingoja kitu kinipige, hakikunipiga, isipokuwa masikio yaliwaka moto, na nadhani hiyo ilikuwa aibu.

Calvin alitema vizuri, kamstari kamoja safi, halafu akataja cheri, urujuani, mdalasini. "Na wewe Magdalena?" Madam akauliza. Nikasema unakausha kinywa. Calvin akacheka. Sijawahi kula cheri, wala ua la urujuani sijaliona hata kwenye picha. Yeye mwenyewe amekulia Daraja Mbili, hapa hapa mjini, hizo cheri alikula wapi?

Jumapili, 23 Machi

Nilipanda nyumbani asubuhi nikitafuna karafuu, ingawa siku mbili zimepita tangu nimeze. Baada ya ibada baba akauliza kazi inaendaje. Nikamwambia nahudumia wageni. Si uongo. Mama akaniangalia akaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Calvin ameongeza maneno matano.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepata mambo mawili leo na nina furaha mpaka naogopa.

La kwanza ni harufu. Nilinusa glasi nikiwa nimefumba macho, sikutafuta neno lolote la kitabu, na nikajiona nyuma ya chumba cha baridi kule shamba la maua. Waridi la kusafirisha halinuki. Linalonuka ni lile lililokataliwa, limetupwa nyuma na kuanza kunyauka. Ndiyo harufu hiyo hiyo. Na chini yake kuna lami, ile ya barabara inapopigwa jua la saa saba. Nikamwambia Madam. Akafungua kitabu chake, akasoma, akanitazama. "Nani amekuonyesha ukurasa huu?" Hakuna aliyenionyesha.

La pili nimepewa na Baba Yiamat. Jina lake hasa ni Lesikar, mchoma nyama wetu, Mwarusha wa Kisongo, mtu mzima mwenye wajukuu. Anatusalimia sisi wanawake "Takwenya" kila asubuhi na hasogei mpaka umjibu "Iko". Alikuwa amekaa kwenye ngazi akitazama tunavyotema.

"Kwetu mzee akikutemea mate amekubariki," akasema. "Nyinyi mnabariki ndoo."

Akanipa kipande cha ubavu wa mbuzi, kimeungua pembeni, mafuta bado yanachemka. Nikala, nikapiga funda la mvinyo juu yake. Ule ukakasi uliokuwa unanikamata ufizi, kama umeng'ata ganda la ndizi mbichi, ukalegea kabisa. Umeyakamata mafuta, mimi nimeachwa. Ikabaki harufu ya waridi peke yake. Nilimeza tena, na safari hii nilijua ninachofanya.

Jumanne, 8 Aprili

Baba Yiamat huja kila wiki na kibuyu cha maziwa mgando kutoka kwake. Hakimimini hovyo. Anakishika kwa mikono miwili, anakitikisa polepole kwa muda mrefu mpaka unasikia maziwa yamegeuka uzito mmoja, ndipo anamimina. Ukimpa mgeni bila kutikisa umempa maji ya juu, na hilo kwao ni tusi. Kwetu Wameru pia, ila sisi tuna haraka.

Kwa maziwa hayo nilipika loshoro, mahindi na mgando vizuri kabisa, nikaijaribu na mvinyo. Ilikuwa kama kulamba msumari. Calvin aliandika kwamba inafaa. Mtori wa ndizi na mfupa unakubali. Mbavu ndizo zinatawala.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imeangusha ukuta wa jirani. Maji jikoni mpaka kifundo cha mguu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nina hasira na mkono huu ninaoandikia.

Kanisa lilijaa. Tulienda mbele kwa mistari, tukapiga magoti. Mchungaji alipita na mkate, nyuma yake baba na sinia la vile vikombe vidogo. Nikachukua changu. Nilikuwa nawaza msalaba, nasema kweli, sikuwa nawaza hoteli. Lakini mkono wangu wenyewe ukakizungusha kikombe. Mara mbili. Halafu nikakipeleka puani.

Ilikuwa siki. Divai imegeuka siki kabisa, ile ya kuweka kwenye kachumbari. Nikashtuka, nikanusa tena kuhakikisha. Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama mbele yangu na sinia, hajasogea kwenda kwa mtu wa pili. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa ananitazama pia. Nikanywa haraka. Na Mungu anisamehe, nilivuta hewa.

Nyumbani baba hakula. Alisubiri mpaka vyombo vikaondolewa, akasema, "Magdalena, kikombe cha Bwana unakinusa kama supu ya hotelini. Ulikuwa unanusa nini?"

Nikasema nina mafua, baba. Pua zimeziba, nilikuwa nahangaika kupumua.

 Halafu uso wake ukalegea. Akasema hiyo nyumba ya kupanga ya Moshono ina unyevu, aliniambia tangu zamani.

Ningemwambia nini? Nikisema siki, atauliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, itabidi nianzie ile ahadi ya kaburini. Na divai hiyo anaitunza yeye, kabatini, kwa funguo yake, kwa fahari yake yote. Tangu Krismasi, naamini, chupa ile ile imefunguliwa.

Jumanne, 22 Aprili

Mtu wa bodaboda ameniletea mzigo kutoka nyumbani: tangawizi, ndimu sita na asali kwenye chupa ya soda. Baba amefunga mwenyewe, nalijua lile fundo lake. Asali nimeiweka dirishani na siwezi kuigusa.

Jumapili, 27 Aprili

Sikupanda. Nilisema bado mafua.

Jumapili, 4 Mei

Nilipanda. Baba akaniuliza kama asali ilisaidia. Nikasema ilisaidia sana.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imepungua, inanyesha asubuhi tu. Madam ametupiga picha kwa ajili ya ukurasa wa hoteli mtandaoni. Calvin alishika sahani, mimi glasi. Nilimwomba anitoe. Alinielewa vibaya, akaniambia nimependeza.

Jumapili, 11 Mei

Picha ilifika nyumbani kabla yangu. Iko kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mimi nimefumba macho, pua yote iko ndani ya glasi, nimetabasamu. Ndivyo nilivyokuwa Ijumaa Kuu, ukiondoa tabasamu.

Baba alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Nilimwamkia. Hakuitikia. Hajawahi kuacha kuitikia shikamoo ya mtu maishani mwake, hata ya mlevi. Alimgeukia mama, ambaye alikuwa karibu yangu kuliko yake.

"Mwambie mwanao mafua yake nimeyaona."

Nilijaribu kueleza. Kwamba ni kazi, kwamba tunatema. Akamsikiliza mbuzi aliyekuwa analia bandani mpaka nikamaliza.

"Mwambie mwanao ningeulizwa, ningesikiliza. Sikuulizwa. Nilidanganywa, halafu nikafunga asali."

Jumatatu, 19 Mei

Wiki ya pili. Kila nikipiga simu namsikia nyuma ya mama: mwambie mwanao mvua imeisha huku, mwambie mwanao kahawa imeanza kuwiva. Ananipa habari zote. Jina langu tu ndilo halitoki.

Calvin amemaliza kitabu cha mvinyo alichotugawia Madam na ameanza tena mwanzo. Juzi nilimwona jikoni anarudia maneno huku anapangusa vijiko na nilimwonea huruma, kitu ambacho sikukipanga. Mama yake anamtegemea yeye tu.

Jumanne, 27 Mei

Chupa ya Corrado imefika kabla yake. Ni Barolo ya mwaka 2004, mavuno ya mwisho ya baba yake mzazi kabla hajafa. Ameandika kwa Madam kwamba zimebaki chache na moja atainywa nasi. Mvinyo wa umri huo una mashapo, unga mweusi unaokaa chini. Imesimamishwa stoo ili yatulie. Madam ametuita wote wawili mlangoni. "Haiguswi mpaka Ijumaa. Ijumaa Magdalena ataibeba yeye, taratibu, kama amebeba mtoto aliyelala. Mashapo yakipanda, tumekwisha."

Kwa nini mimi? Kwa sababu mikono ya Calvin hutetemeka akiwa na wasiwasi. Laiti angejua ya kwangu ilichofanya kanisani.

Ijumaa, 30 Mei

Nitaandika yote, hata kama kidole kitaota sugu.

Corrado alifika saa sita. Ni mzee mrefu, mpole, Kiswahili chake amekiokota kwa miaka ishirini ya kuja huku. Meza iliandaliwa barazani. Mtori wangu ulikuwa tayari, na mbavu za Baba Yiamat zilinukia mpaka getini. Hata mlima ulikuwa umefunuka.

Saa saba kasoro nikaenda stoo. Nikaishika chupa kwa mikono miwili, nikatoka nayo hatua kwa hatua. Nikiwa kwenye ukumbi wa jikoni simu ikatetemeka kwenye aproni. Mama. Mama hanipigii saa za kazi, hajawahi. Nikajua kuna mtu amekufa. Baba Yiamat alikuwa anapita na sinia tupu.

"Baba Yiamat, nisaidie hii. Mpelekee mgeni mezani."

Sikusema neno lingine. Nilikimbilia nje.

Hakuna aliyekufa. "Baba yako ameandika barua," mama akasema. "Jumapili, baada ya ibada, anaacha uzee wa kanisa. Anasema hawezi kusimamia nyumba za watu na mtoto wake mwenyewe anamdanganya usoni."

"Mama, mwambie asubiri. Mwambie nakuja."

"Mwambie wewe, Magdalena. Mimi nimechoka kuwa simu yenu." Akakata.

Nilisimama pale nikapumua. Halafu nikakumbuka chupa, na nikakumbuka nimempa nani.

Nilipofika mlangoni mwa baraza nilimkuta Baba Yiamat amesimama mbele ya mgeni, mgongo umenyooka, uso wa heshima zote. Ameishika chupa kwa mikono miwili na anaitikisa. Polepole, kwa mwendo ule ule wa Kisongo, huku na huku, anasikiliza kama imefika. Corrado alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti na hakuinuka zaidi. Madam alikuwa ameziba mdomo. Calvin alikuwa karibu kabisa, angeweza kunyoosha mkono, na alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimemtikisia vizuri," Baba Yiamat akaniambia. "Asipate maji ya juu."

Corrado alisema neno moja la kwao, "Papà," yaani baba, kisha akakaa.

"Nani alikabidhiwa chupa hii?" Madam aliuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi. Baba Yiamat alikwisha kuona nyuso zetu na mikono yake ilikuwa imesimama. Akafungua mdomo. Najua angesema ni yeye. Na najua, aibu yangu hii naiandika, kwamba nilimwacha afungue. Kwa pumzi moja nzima nilimwacha. Nilimwona akirudi Kisongo na kibuyu chake, na mimi nikibaki. Halafu nikamsikia baba: nilidanganywa, halafu nikafunga asali.

"Mimi, Madam. Nilikabidhiwa mimi, nikamwachia yeye ili nipokee simu, na sikumwambia kitu." Nikamgeukia Corrado nikamweleza habari ya kibuyu, kwamba kwa kina Baba Yiamat mgeni wa heshima hutikisiwa, na kwamba hajafanyiwa dharau, amefanyiwa kinyume chake. 

Akatazama chupa muda mrefu. "Fungua," akasema. "Tutaonja hivyo hivyo."

Ulitoka na ukungu, rangi ya maji ya mtoni wakati wa masika. Calvin akaanza. Alinusa, akaonja, akatema kamstari kake, akasema kwa ufasaha: cheri iliyoiva, urujuani, mdalasini, na mwisho laini kama hariri. Hakukosea neno. Corrado akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Zamu yangu. Nilivyoonja tu nilijua nimekwisha, kwa sababu cha kusema kilikuwa kimoja na hakikuwa kizuri. Madam alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba. Sema waridi, macho yalisema. Sema lami, unayajua haya.

"Kuna waridi lililonyauka," nikasema, "na lami ya barabara wakati wa jua. Viko mbali, nyuma ya mlango. Kwa hiyo najua ulikuwa mvinyo mzuri sana. Lakini uliomo kwenye glasi hii ni mchungu na una mchanga kwenye ulimi. Mbavu ndizo mwenzake, lakini leo hata mbavu haziwezi kuuokoa. Usiunywe. Kula mtori unywe maji, na chupa isimame mpaka kesho. Kosa ni langu."

 Nilisikia mafuta yakidondokea mkaa kule nyuma.

"Umekataa mvinyo wa baba yangu," Corrado akasema.

"Nimeukataa wa leo."

Akaiinua glasi yake, akaonja, akavuta ndoo na kutema. Akajipangusa mdomo. "Mimi pia," akasema. "Basi leteni mtori."

Hakusema zaidi ya hapo. Nimerudi chumbani sijui kama nina kazi. Asali bado iko dirishani.

Jumamosi, 31 Mei

Chupa ilisimama mpaka saa saba. Niliimimina mimi, tochi ya simu ikiwa nyuma ya shingo yake, na nilipoona uzi wa kwanza mweusi nikaacha. Ilibaki robo na machicha yake. Corrado alimwita Baba Yiamat akae, akala naye mbavu kwa mikono. Akafumba macho alipopiga funda, akasema baba yake asingejua mbuzi huyu ni wa wapi lakini angeomba kipande kingine.

Madam ameniita ofisini. Nabaki. Calvin ndiye aliyenisimamisha getini kabla sijalia. "Dada, mimi jana nilionja tope nikasema hariri," akasema. "Nilijisikia nikisema." Anakwenda kwa mjomba wake Karatu, kuna kambi ya wageni inafunguliwa. Nilimpa kitabu changu. Akasema kitabu anacho, anachotaka ni pua.

Ningefurahi leo. Kesho ni Jumapili.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya ibada wazee waliingia ofisi ya kanisa, watu saba. Nilibisha hodi nikaomba nisikilizwe. Barua ya baba ilichomoza kwenye Biblia yake. Mwenyekiti, mzee Anaeli, akanionyesha nisimame palipo na nafasi, yaani mbele ya lile kabati.

Nilisema yote. Kwamba naonja mvinyo, ndiyo kazi yangu, na nimeichagua. Kwamba kawaida natema na kuna siku nilimeza kwa kupenda. Kwamba sikuwa na mafua. Kwamba baba hakujua lolote, na kama kuna wa kuwekwa pembeni ni mimi.

Mzee Anaeli akaguna. "Na siku ile kwenye kikombe, ulikuwa unanusa nini basi?"

Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuuliza hilo. Baba aliinua kichwa akanitazama, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Funguo ya kabati ilikuwa mbele yake mezani. Nikisema mkono ulizoea, samahani sana, itatosha? Hapana. Hivyo ndivyo nilivyoanza, kwa nusu ya ukweli.

"Siki," nikasema.

"Nini?"

"Divai ilikuwa imegeuka siki, mzee. Nilinusa mara ya pili kuhakikisha. Nadhani chupa ilifunguliwa siku nyingi, hewa imeingia. Nisameheni."

 Halafu mzee Anaeli akasema taratibu, "Mimi nilidhani ndivyo ilivyo." Mwingine akasema hata yeye. Mama mmoja kati ya wazee hao akasema amekuwa akiona ni sehemu ya mateso.

Baba hakucheka. Alisimama, akafungua kabati, akaitoa chupa, akang'oa kizibo na kunusa. Alinusa mara mbili. Akakirudisha kizibo, akachukua Biblia yake na barua ikiwa ndani, akatoka nje bila kuaga mtu. Nilipofika nyumbani alikuwa shambani kwenye migomba. Nikashuka Moshono bila kumwona.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna simu. Corrado amepanga makundi manne.

Alhamisi, 5 Juni

Mama anasema baba anakula, analala, hasemi kitu. Hata "mwambie mwanao" imekwisha.

Jumamosi, 7 Juni

Leo saa tatu simu ilionyesha namba ya baba. Nilifikiri ni mama ameazima. "Pentekoste kesho," sauti yake ikasema. "Pita kanisani kabla ya saa kumi." Akakata.

Nimepanda. Nilimkuta peke yake kwenye ofisi ya kanisa, amevaa koti la Jumapili. Vikombe vidogo vyote vimeoshwa, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Katikati kuna chupa mpya ya divai, haijafunguliwa, na chini yake ameweka karatasi iliyokunjwa ili isichafue kitambaa. Niliutambua mwandiko. Ilikuwa ile barua ya kuacha uzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Magdalena."

Alifungua chupa mwenyewe, kwa shida, akakataa nisimsaidie. Akamimina kidogo kwenye kikombe kimoja akanipa kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na minne nimeshika funguo hii," akasema. "Sijui nimewapa watu siki mara ngapi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Onja."

Nilikizungusha kikombe mbele yake. Nikanusa. Nikapiga funda, nikavuta hewa, na katika chumba kile kidogo sauti ilikuwa kubwa ya kuaibisha. Hakuniondolea macho. Halafu nikageuka kutafuta ndoo, mdomo umejaa, kwa mazoea yale yale, na hakukuwa na kitu ila beseni la kuoshea vikombe.

"Humu hatutemi," baba akasema. "Meza, halafu niambie kweli."

Nikameza. Nikamwambia.